Aliyelipa Madeni ya Fundi

Mimi ni mdaku, na serikali inanilipa mshahara kwa sababu hiyo. Wengine udaku wao unawagombanisha na majirani. Wangu umenijengea nyumba. Kazini cheo changu ni mpekuzi, lakini tangu mwanzo wananiita Shangazi, kwa kuwa shangazi ndiye anayeuliza yale ambayo wengine wanaona haya kuyauliza: unalala wapi, unashinda na nani, mshahara wako unaishia wapi. Mtu akitakiwa kufanya kazi kwenye vyumba zinamopita siri za nchi, faili lake huletwa kwangu kwanza, nami huingia mitaani kuuliza. Nikiridhika anapewa kibali. Nisiporidhika hapewi, na mara nyingi haambiwi kwa nini.

Ninachouliza kuliko vyote ni madeni. Watu hudhani tunatafuta walevi na wenye nyumba ndogo. Hao wapo, lakini anayeninyima usingizi ni mtu mwenye mshahara mzuri anayedaiwa mpaka shingoni na hataki kusema. Mtu huyo siku moja atakutana na mgeni mwenye maneno matamu na bahasha nene, naye mgeni atataka karatasi moja tu, tena isiyo na maana yoyote. Baada ya hapo kashikwa pabaya. Kudaiwa si kosa. Nusu ya ofisi yetu inadaiwa, na mimi mwenyewe nina mkopo wa mabati. Kosa ni kuficha, kwa sababu anayeficha amempa mwingine kitu cha kumtishia.

Basi nimezoea wafichaji. Nimekuta mkopo uliochukuliwa kwa jina la mtoto anayenyonya. Nimekuta mtu mzima kajificha chini ya kitanda, mkewe ananiambia kasafiri, na mguu naona. Nilichokuwa sijawahi kukiona ni mtu anayeng'ang'ania madeni ambayo hana.

Mtu huyo alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano. Wenzake walimwita Kimya, na jina lilimkaa, maana kumtoa neno ilikuwa kazi kama kufungua kopo bila kisu. Alikuwa akitengeneza simu na redio kwenye chumba cha nje. Sasa mkuu wa mitambo alimtaka chumba cha ndani, kule ambako ujumbe hufungwa kwa namba za siri kabla ya kutumwa. Huko kuna posho na heshima. Lakini kuna kitu kimoja ambacho watu hawapendi kukisikia: anayeombewa kibali akikosa, haachwi tena karibu na mitambo. Anapelekwa bohari kuhesabu matairi mpaka astaafu. Kimya alikuwa na mke, mapacha wadogo, na nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Kwake ilikuwa kupanda au kuporomoka. Kubaki alipo hakukuwepo.

Katika fomu yake, na katika mahojiano ya kwanza, alitaja madeni matatu. La kwanza, chama cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi. Alikopa miaka sita iliyopita kwa ajili ya biashara ya matofali, biashara ikafa. La pili, duka la vifaa vya ujenzi, saruji aliyochukua kwa mali kauli kwa biashara hiyohiyo. La tatu lilinichekesha, nalo ni la mama mkwe wake, pesa ya kodi ya nyumba aliyomkopa mwaka juzi. Mwanamume anayekubali kwa maandishi kwamba anadaiwa na mama mkwe, huyo hana cha kuficha. Nilimpenda hapohapo, na kazi yangu hairuhusu nimpende mtu hapohapo.

Nikaenda kwenye chama. Karani aliangalia kompyuta yake, akaangalia tena, akavua miwani.

"Huyu hadaiwi, mama. Kamaliza wiki iliyopita."

"Kamaliza vipi? Mwenyewe kaandika bado ana deni la kutisha."

"Limelipwa taslimu, dirishani. Mlipaji kaandika jina la mwanachama mwenyewe."

Nikaenda dukani. Mwenye duka, mzee mnene anayepima misumari kwa kiganja na hakosei, aliniambia Kimya hana deni tena. Nilipouliza nani kalipa, akaanza kupanga makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangika.

"Kalipa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, mama. Kaniomba nisiseme, na mimi nimemkubalia. Wewe ungependa nikikuahidi kitu halafu niende kukitangaza?"

Nilimwambia ningependa sana, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Akacheka, asiseme.

Nilitoka pale kichwa kinawaka. Nataka mnielewe. Mtu asiyejulikana anamlipia madeni fundi, wiki chache kabla fundi huyo hajapewa ufunguo wa chumba cha siri. Katika kozi zetu zote hicho ndicho kitu cha kwanza tunachofundishwa kukiogopa. Mgeni mwenye bahasha ndiye huyu sasa, nikajiambia, na safari hii hata hakusubiri kuombwa. Huruma yangu kwa Kimya ilipungua, na udadisi ukapanda mpaka nikashindwa kula mchana.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mama mkwe. Anaishi nyuma ya kituo cha mafuta, anashona sare za shule, na alinikaribisha kama mtu aliyekuwa akingoja mwaka mzima apate wa kuongea naye. Nikamuuliza kama mkwe wake kamlipa.

"Kanilipa? Hajanilipa hata senti. Simdai kwa nguvu lakini, mwenzangu. Nikimdai, binti yangu ananuna, na akinuna siletewi wajukuu."

"Na hakuna mtu aliyekuja kumlipia?"

"Nani aje? Ukimwona mtu huyo mlete, nimpikie."

Jambo lilikuwa limeanza kunikaa vizuri akilini. Madeni mawili yamelipwa, la tatu halijaguswa. Angekuwa mke wa Kimya ndiye aliyelipa, angeanza na mama yake mzazi. Angekuwa rafiki wa kazini, hali kadhalika, maana ofisi nzima ilikuwa inamtania Kimya kwa deni la mama mkwe. Na angekuwa yule mgeni wangu wa bahasha, mtu aliyemchunguza fundi mpaka ndani, angejua kila anayemdai. Huyu mlipaji alijua mambo ya Kimya ya miaka sita iliyopita kama kiganja chake, na ya mwaka juzi hakujua kabisa. Ni mtu aliyekuwa karibu naye sana, kisha akapotea.

"Mama," nikamwambia, "hii biashara ya matofali ya mkweo, kiwanja chake kilikuwa wapi?"

Akanyanyua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa akiishona. "Kiwanja gani? Mkwe wangu na matofali wapi na wapi? Yule akishika tofali anaumwa kiuno. Ile ilikuwa ya kaka yake."

"Kaka yake."

"Hakukwambia ana kaka?"

Fomu yetu ina ukurasa mzima wa ndugu. Kimya alikuwa ameandika dada mmoja, ameolewa mbali. Kaka hakuwemo.

"Basi mimi sijasema kitu," akasema mama mkwe, na hapo ndipo aliposema kila kitu. Kaka mtu alitaka kufyatua matofali, hana hati ya mshahara ya kukopea. Kimya akakopa kwa jina lake, akamchukulia na saruji. Mashine ilikuwa mtumba, ikavunjika mwezi wa pili, mvua ikamaliza yaliyobaki. Kaka akaondoka alfajiri bila kuaga. Baba yao alipofariki hakuonekana hata mazikoni, na tangu siku hiyo Kimya hataki jina lake litajwe nyumbani.

Nilirudi dukani. Sikumuuliza mwenye duka chochote kuhusu deni. Nilimuuliza tu, kama mteja, kama anamjua fundi mzuri wa vigae au plasta, mtu ambaye zamani alikuwa anafyatua matofali, kwa kuwa mtu wa matofali hahami mbali na ujenzi. Mzee aliniangalia muda mrefu.

"Wewe mama ni hatari," alisema, akaninong'oneza mtaa.

Nilimkuta kaka mtu ndani ya nyumba isiyo na milango bado, kapiga magoti bafuni, anaweka vigae. Alikuwa na uso wa Kimya uliopigwa na jua. Kwenye kona ya sebule kulikuwa na godoro limekunjwa, ndoo, na shati moja kwenye msumari. Nilijitambulisha. Hakusimama; alimalizia kigae alichokuwa nacho mkononi, akakigongagonga kwa mpini wa nyundo mpaka kikakaa sawa, ndipo akafuta mikono.

"Nimefanya kosa?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Pesa umeipata wapi?"

Akanieleza bila kuzungusha. Miaka yote hiyo alikuwa anaweka vigae mji hadi mji, na sehemu ya ujira wake alikuwa anamwachia mkandarasi amtunzie, kwa kuwa pesa ikiwa mfukoni mwake hukimbia. Aliporudi mjini alikwenda dukani kununua gundi ya vigae na kumaliza deni la saruji. Mwenye duka akamwambia mdogo wake alipita pale kuomba hati ya deni, anatafuta kazi kubwa serikalini, na kila mwezi kwa miaka sita amekuwa akilipa kidogokidogo. Kaka mtu hakulala. Kesho yake alichukua kila kitu kwa mkandarasi.

"Kwa nini hukumpelekea mwenyewe?"

"Angenirushia usoni."

"Unajuaje?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha kukasirika," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Kisha akaniomba. "Usimwambie, mama. Akijua ni mimi atakwenda kukopa upya anirudishie. Mwache ajue hadaiwi, basi."

Mkandarasi nilimfuata siku hiyohiyo, na watu wawili waliowahi kumwajiri kaka mtu, na maelezo yao yalilingana. Pesa ilikuwa ya jasho, kila senti. Ningeweza kufurahi. Lakini nilipopeleka taarifa kwa mkuu wangu, mtu mkavu anayekunywa maji ya moto matupu, aliisoma mpaka mwisho na kuweka kidole kwenye ukurasa wa ndugu.

"Madeni yamekwisha kuelezeka," alisema. "Sasa kadanganya kuhusu kaka."

"Ana hasira naye, bosi. Si udanganyifu wa kutuibia."

"Shangazi, wewe ndiye unayetuhubiria hapa kila siku. Anayeficha ana kitu cha kutishiwa nacho. Mtu akimjia akamwambia namjua kaka yako, atafanyaje?"

Nilikasirika, kwa sababu maneno yalikuwa yangu.

"Mwite kwenye mahojiano ya pili," akaendelea. "Umuulize maswali yaleyale, kwa maneno yaleyale. Hudokezi, hukohoi, hunyanyui nyusi. Akisema kweli, nasaini. Akirudia alichoandika, Jumatatu anaanza bohari."

Hiyo ndiyo desturi yetu, nami ndiye niliyewafundisha wengi kuifuata. Mahojiano ya pili hayana mtego wala msaada. Swali linarudiwa lilivyo, na mtu anapewa nafasi moja ya kujisahihisha bila kujua kwamba anaihitaji. Usiku wa kuamkia Ijumaa niliomba kimoyomoyo kwamba Kimya awe ameota ndoto ya kaka yake.

Alikuja mapema, na kabla sijafungua faili alianza kusema. Kwa Kimya, hilo lilikuwa tukio.

"Mama, kuna jambo limenitokea na linanitia hofu. Nilikwenda dukani kulipa kama kawaida, nikarudishiwa pesa yangu. Naambiwa sidaiwi. Nikaenda kwenye chama, vilevile. Kuna mtu kanilipia. Simjui. Nimeona nikwambie kabla hujasikia kwa wengine, hata kama itaniharibia."

Nilitamani kumkumbatia. Badala yake nikaandika. "Unamshuku nani?"

"Nimewaza mke wangu, kakataa. Nimewaza mama mkwe, lakini yeye mwenyewe bado hajalipwa. Nimemuuliza kwa kuzunguka, na amenijibu bila kuzunguka."

Nikauma kalamu nisicheke. Kisha nikaanza, swali baada ya swali, kwa sauti ileile ya kwanza. Jina la baba. Jina la mama. Shule. Safari za nje. Tukafika.

"Una ndugu wa kuzaliwa wangapi?"

"Mmoja," alisema mara moja. "Dada."

Kanuni inasema nikishapata jibu niandike na kuendelea. Haisemi niandike haraka. Nilitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu. Nikafungua kurasa, nikazifunga. Sikukohoa, na nyusi zangu zilikaa mahali pake, naapa. Nikaanza kuandika ile herufi ya kwanza taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama mkwe hajalipwa," alisema Kimya polepole, si kwangu.

Sikunyanyua uso.

"Kalipwa mwenye duka. Kimelipwa chama. Mama mkwe hajalipwa, kwa sababu aliyelipa hakujua kama nilikopa kwa mama mkwe. Alikuwa ameshaondoka." Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Usiandike hiyo, mama. Futa. Nina ndugu wawili. Nina dada, na nina kaka."

"Mwanzo uliandika mmoja."

"Niliandika kwa hasira. Baba alikufa anamwita yeye, mimi nikiwa nimeshika mkono wake, na yeye hayupo. Nikasema sina kaka. Nimewaambia watu wengi hivyo mpaka nikawa naamini." Macho yalikuwa yamemjaa, na hakujaribu kuyaficha. "Ni yeye, sivyo? Yuko hai?"

Maswali nauliza mimi. Hilo ndilo nililopaswa kumjibu, na ndilo nililomjibu. Lakini sauti ilinisaliti, na Kimya si mjinga. Aliinamisha kichwa kwenye meza ya serikali akalia kama mtoto. Nilimwacha. Mimi pia nilikuwa na shughuli na leso yangu.

Alipotulia nikarudi kwenye faili. Nilifuta, nikaandika wawili, nikaweka saini pembeni, naye akaweka yake. Kisha nikamwonyesha kisanduku kilichokuwa wazi.

"Kila ndugu lazima awe na anwani. Faili haliwezi kupanda kwa mkuu kisanduku kikiwa tupu, na mimi siruhusiwi kukujazia. Jumatatu asubuhi uniletee."

"Nitaipata wapi?"

"Mimi ningekuwa na nyumba inayotaka vigae," nilisema huku nikifunga faili, "ningeanza kuulizia pale wanapouza gundi."

Hiyo haikuwa kwenye kanuni. Lakini mahojiano yalikuwa yamekwisha, na mtu anaruhusiwa kuzungumzia ujenzi.

Jumatatu nilifika kazini nikawakuta wawili kwenye benchi la ukumbini. Walikuwa wamekaa na nafasi katikati yao ya kutosha mtu wa tatu, kila mmoja anaangalia ukuta wake. Kaka mtu alikuwa amepiga pasi shati, ila kucha zilikuwa bado na weupe wa kazi. Sijui siku mbili hizo walisemezana nini, na sikuuliza, ingawa kujizuia kulinigharimu.

Niliwaingiza ofisini. Kimya alibaki amesimama.

"Anwani hana, mama. Analala kwenye nyumba anazowekea vigae. Moja ikiisha anahamia nyingine. Nikaona nimlete mwenyewe."

"Fomu haitaki mtu," nikasema. "Inataka mahali anapopatikana."

"Weka ya mkandarasi," alisema kaka mtu kwa haraka, kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajaharibu kitu. "Huwa napokelea barua zangu kwake."

"Andika ya kwangu," alisema Kimya.

Kaka yake aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza tangu nilipowaona. "Una vyumba viwili, na watoto wawili."

"Andika ya kwangu, mama."

Nilimtazama kaka mtu, kwa kuwa anwani ni yake na lazima akubali mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa. Nikaandika nyumba ya Kimya, mtaa na namba ya mlango, nikapeleka faili ghorofani kwa mkuu asaini.